Popo wa Fedha Kwenye Chuma Cheusi

Katika jumba la makumbusho la National Firearms Museum, mjini Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani, imo bastola ya Colt Detective Special iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa. Nakshi yake ni kazi ya Leonard Francolini. Ina popo wa fedha, risasi zake ni za fedha, na sanduku lake lina umbo la jeneza. Anayewindwa kwa bastola hii ni mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, jamaa ya yule Dracula wa Bram Stoker aliyetoka kitabuni mwaka 1897.

Kinachonivuta mimi ni ufundi wa namna hii. Popo mweupe hukaaje juu ya chuma cheusi bila gundi? Na kwa nini weusi ule usimfunike naye?

Tuanze na kukata. Kigumu hukata kilaini, hilo halina ubishi. Lakini tindo la mchonga nakshi ni chuma cha pua, na bastola nayo ni chuma cha pua. Tofauti imo ndani. Atomu za chuma zimejipanga kwa safu, na safu hizo zina kasoro. Chuma kikigongwa, safu nzima haihami kwa mpigo mmoja. Kasoro ndiyo inayotambaa, kama mtu anayesogeza mkeka mzito kwa kuusukuma mkunjo kutoka upande huu hadi ule. Anayetaka chuma kigumu hana budi kuuzuia mkunjo huo.

Kizuizi ni kaboni. Chuma cha pua kikipita nyuzi 727 za Sentigredi, atomu zake huanza kujipanga upya na kuacha mianya mikubwa zaidi, na kaboni huingia humo. Kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kutoka. Kikitoswa ghafla katika maji au mafuta, kaboni hunaswa, mpangilio wote hukazana, na mkunjo hauna pa kupita. Tindo limepitishwa njia hiyo, kisha likapashwa moto kidogo ili ncha isikatike kama kioo. Mwili wa bastola haukufikishwa ugumu huo, ndiyo maana unachongeka.

Sasa popo. Fundi huchimba shimo lenye umbo lake, halafu huzichimba kingo kwa ndani hadi chini pawe papana kuliko mdomoni. Huweka kipande cha fedha na kukigonga. Fedha safi ni laini sana, mikunjo yake huteleza kwa urahisi, kwa hiyo chini ya nyundo hutiririka ingali baridi, ilhali kuiyeyusha kungehitaji nyuzi 962. Hujaza kila pembe, huingia chini ya kingo, na kuanzia hapo haitoki. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzuri mkubwa kuliko pote katika kazi hii.

Weusi huja mwisho. Kutu ya kawaida huvimba na kubanduka. Lakini chuma kikichemshwa katika maji ya kostiki soda na chumvi za nitrati, kwenye nyuzi 140 hivi, hushikana na oksijeni kwa namna nyingine: atomu tatu za chuma kwa nne za oksijeni. Hiyo ni magnetaiti, tabaka jembamba kuliko unywele, lililoshikamana na chuma, na humeza mwanga. Fedha iliyomo katika sufuria hiyohiyo haibadiliki, kwa sababu haitoi elektroni zake kwa oksijeni kwa urahisi. Tena hakuna metali inayorudisha mwanga tunaouona kuliko fedha. Ndiyo maana popo hung'aa.

Adui wa fedha ni salfa iliyomo hewani, inayoifanya iwe nyeusi. Adui wa magnetaiti ni asidi. Kwa hiyo ukirithi kitu cha chuma chenye weusi wa aina hii, usikisugue kwa ndimu wala siki. Kipanguse kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya mashine.