Programu ya Kuandikia Inapojifunga Yenyewe



Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka huu nimeombwa niandike somo la kompyuta badala ya somo la fiqhi mlilozoea kulisoma kutoka kwangu. Nimekubali kwa sababu ya jambo lililotupata hapa madrasa, ambalo nusura litupotezee kitu kisichopatikana dukani.

Marehemu mwalimu wetu wa tajwidi aliacha madaftari manne ya masomo yake, aliyoyaandika kwa mkono wake, maelezo ya Kiswahili kwa kalamu ya buluu na aya kwa kalamu nyeusi. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu alijitolea kuyachapa kwenye kompyuta, akamaliza daftari la kwanza na la pili. Kisha mvua za masika zikaingia stoo. Madaftari mawili yalilowa, wino ukasambaa, na yaliyolowa ndiyo hayo hayo aliyokwisha kuyachapa. Kuanzia siku ile faili lililokuwa ndani ya kompyuta yetu ndiyo nakala pekee.

Wiki iliyofuata, baada ya sala ya Alasiri, yule binti akaja ofisini. "Ustadhi, imejifunga tena."

Programu tunayotumia ni LibreOffice. (Asili yake ni OpenOffice, ile ambayo majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiweka kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. LibreOffice ilijitenga nayo mwaka 2010.) Kila alipofungua faili la tajwidi na kushuka kurasa, programu iliganda kidogo, kisha ikatoweka kwenye skrini. Kijana mmoja akasema tufute kila kitu tupige Windows upya. Nilimzuia kufomati, lakini yaliyofuata hayakuwa ya busara sana: niliiondoa LibreOffice na kuiweka upya, mara mbili, nikamaliza bando la wiki nzima. Ikajifunga vile vile.

Hapo ndipo nilipokaa chini kufikiri. Naomba na wewe ufikiri pamoja nami.

Unapoandika, maneno yako kwanza hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ni kama ubao wa darasani: umeme ukikatika au programu ikijifunga, umefutwa. Unapohifadhi, au kusevu kama tunavyosema, maneno hunakiliwa kwenye diski, nayo ni kama daftari. Kwa hiyo programu inapojifunga, kilichopotea kwa kawaida ni yale uliyoandika tangu uliposevu mara ya mwisho. Yaliyomo kwenye diski bado yapo, ila yanaweza kuharibiwa na mikono yetu yenye haraka. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu kingine, ni kunakili faili. Lisifunguliwe, linakiliwe tu. Sisi tulinakili kwenye flashi mbili, moja nikaenda nayo nyumbani.

Ukiifungua tena programu baada ya kujifunga, mara nyingi itakuuliza kama unataka ikurejeshee faili. Kubali, lakini ukishalipata lihifadhi kwa jina jipya, usilifunike lile la zamani. Huenda lililorejeshwa limebeba pia ule ule ugonjwa ulioiua programu.

Sasa kutafuta chanzo. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza, na swali la kwanza ni hili: je, zinajifunga programu nyingi au hii moja tu? Zikiwa nyingi, na kompyuta inajizima au kujiwasha yenyewe, tazama mashine: vumbi kwenye feni, joto, kumbukumbu mbovu, au diski iliyoumia kwa kukatika umeme mara kwa mara. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, ukubali kompyuta ijiwashe upya, uende ukaswali urudi. Angalia pia kama diski ya C imejaa, maana programu huhitaji nafasi ya kuweka mafaili yake ya muda. Na kama unafanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi, acha. Flashi ikilegea kidogo kwenye tundu lake, programu inakosa faili mikononi. Nakili kwenye kompyuta, fanya kazi, ukimaliza nakili kurudi.

Kwetu sisi programu nyingine zote zilikuwa nzima. Swali la pili basi: inajifunga kwa kila faili au kwa faili moja? Nilimwambia binti afungue ukurasa mpya na kuandika chochote. Aliandika nusu saa bila tatizo. Kwa hiyo LibreOffice yenyewe ilikuwa na afya, na bando langu lilikwenda bure.

Hata hivyo tulijaribu pia hali salama, kwa sababu ni jaribio jepesi na huwasaidia wengi. Kwenye LibreOffice ingia menyu ya msaada, ile ya mwisho kulia, utakuta amri ya kuianzisha upya kwa hali salama. Amri hiyo ipo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017. Programu itafunguka bila nyongeza na mipangilio yako, na dirisha lake litakupa pia nafasi ya kuzima msaada wa kadi ya picha, ambao kwenye kompyuta za mtumba huleta matatizo mengi. Wanaotumia Word washikilie kitufe cha Ctrl wakati wa kuifungua, itawauliza kama wanataka hali salama. Programu ikitulia katika hali hiyo, jua ubaya uko kwenye mipangilio au nyongeza. Mipangilio hiyo huwa haiondoki unapoiondoa programu, ndiyo maana kuiweka upya mara nyingi hakusaidii.

Yetu ilijifunga hata katika hali salama. Ikabaki lile faili.

Nilimpa binti flashi, akaenda nayo steshenari karibu na Mabibo Mwisho. Akarudi akicheka. Kule faili lilifunguka lote, kutoka ukurasa wa 1 hadi wa 61! Ila, akasema, "herufi za aya zina sura nyingine." Nami kwa upungufu wangu nikajibu kwamba kompyuta ya steshenari ni mpya, ndiyo maana. Jibu lilikuwa limeshawekwa mbele yangu, sikuliona.

Siku ya pili tukafanya kazi ya kugawa nusu kwa nusu, kwenye nakala. Tulichukua lile faili pale steshenari, tukalikata mafaili mawili, kurasa 1 hadi 30 na 31 hadi 61, tukaja kuyajaribu kwetu. La pili likafunguka, la kwanza likajifunga. Tukaligawa tena hilo la kwanza, na tena. Mwisho tukabaki na ukurasa wa 23, mlango wa madda. Nikamwuliza alifanya nini kwenye ukurasa ule. Akafikiri. Akasema wiki ile alipewa na rafiki yake fonti ya Kiarabu yenye mwandiko mzuri, akataka kuupamba mlango wa madda kwanza kwa sababu ndio wenye aya nyingi.

Basi ndiyo hiyo. Fonti ni faili kama mafaili mengine, lina maumbo ya herufi na maelekezo ya namna ya kuziunganisha. Kiarabu kina kazi kubwa hapa: herufi moja hubadilika umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, na juu yake zinapandishwa fat-ha, shadda na madda. Fonti iliyoharibika inaweza kuandika vizuri neno hili na kuiangusha programu kwenye neno lifuatalo. Steshenari hawakuwa nayo, kompyuta yao ikaweka fonti nyingine mahali pake. Kwa hiyo herufi zikabadilika sura na programu ikabaki hai. Na kwa kuwa fonti ni mali ya Windows, si ya LibreOffice, kuiondoa programu hata mara kumi kusingeigusa.

Tulifunga programu zote, tukaingia kwenye mipangilio ya Windows sehemu ya fonti, tukaifuta. Ukurasa wa 23 ukafunguka. Badala yake tumeweka Amiri, fonti ya bure iliyofuata herufi za chapa ya Bulaq ya Cairo za mwanzoni mwa karne ya 20. Jumba la Mfalme Fahd la kuchapa Msahafu, Madina, nalo hutoa fonti zake. Fonti ichukueni kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwenye flashi ya kila mtu.

Kuna njia moja ya dharura ambayo hatukuihitaji, lakini naiandika kwa atakayefikwa. Faili la Writer lenye mwisho wa odt, na la Word lenye docx, kwa hakika ni furushi lililobanwa. Fanya nakala, badilisha mwisho wa jina uwe zip, ulifungue. Ndani ya odt tafuta faili liitwalo content.xml, ndani ya docx ni document.xml kwenye kabrasha la word. Maneno yako yamo humo, yamezungukwa na alama nyingi, lakini yamo. Ukiyahamishia Notepad, wakati wa kuhifadhi hakikisha umechagua UTF-8. Notepad za kabla ya mwaka 2019 hazikuichagua zenyewe, na maandishi ya Kiarabu yaligeuka kuwa alama za kuuliza tupu.

Tumeiwekea programu muda wa dakika 3 wa kutunza kumbukumbu ya dharura. Binti naye ana mazoea ya kubonyeza Ctrl na S kila anapomaliza aya, kwa sababu ile kumbukumbu ya dharura haiwi badala ya kusevu.

Faili la tajwidi sasa lipo sehemu tatu. Tunaanza daftari la tatu kila Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah. Maji hayakulifikia, ila mwandiko wa marehemu wa miaka ya mwisho ni mgumu kusomeka, mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Mzazi yeyote aliyesoma kwake na anayeujua mwandiko ule, tunamwomba afike tukae naye mbele ya kompyuta.