Wazazi, Msinyamaze Mbele ya Daktari

Mtoto mdogo akiugua hawezi kujieleza. Hulia, hukataa kula, hulegea. Daktari naye humwona kwa dakika chache tu, na nje foleni ya wagonjwa yamngoja. Aliyekuwa na mtoto usiku na mchana ni mzazi wake. Lakini mara nyingi mzazi huyo, akisha kuingia katika chumba cha daktari, hunyamaza. Aulizwapo hujibu neno moja, apewapo dawa huipokea bila kuuliza, kisha hurudi nyumbani na wasiwasi wake moyoni. Wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo adabu. Sisi twaona kwamba ni hasara, na mwenye kuilipa ni mtoto.

Yafaa tutoe mfano mmoja, tupate kujifunza. Nao ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu, zilizopasa kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto huupata kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo ni dhuluma kumlaumu mama peke yake, au kumsingizia jirani uchawi. Ikiwa baba na mama ni wazima lakini kila mmoja amebeba urithi huo, basi kwa kila mimba yao ipo nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Sasa tutazame kisiwa cha Jamaika, ambako watu wengi ni wa uzao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na urithi huu ulikwenda nao. Kuanzia mwaka 1973 madaktari wa mji wa Kingston waliwapima damu watoto wachanga, wakawafuatilia wenye selimundu miaka mingi. Waliona kwamba mojawapo ya mambo yaliyowaua mapema ni hili: damu nyingi hukusanyika ghafula katika bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Bandama huvimba, na mwili uliobaki hukosa damu. Mtoto aliyecheza asubuhi aweza kufa kabla ya jua kuchwa.

Madaktari wale waliwafundisha wazazi kuipapasa bandama ya mtoto kwa vidole, kuujua ukubwa wake wa kawaida, na kukimbilia hospitali mara waionapo imekua. Matokeo yalitangazwa mwaka 1985. Kabla ya mafunzo, katika kila matukio 100 ya namna hiyo vilitokea vifo 29 hivi. Baada ya mafunzo vilikuwa 3 tu. Idadi ya matukio yaliyogunduliwa iliongezeka, maana wazazi sasa waliyatambua hata yale ambayo zamani yangalipita bila kujulikana. Nguvu iliyookoa watoto wale, basi, ilitoka kwa wazazi waliojua la kutazama na waliosema mapema.

Tujifunze nini katika habari hii?

Kwanza, mzazi amjue mtoto wake akiwa mzima, ili apate kutambua akibadilika. Viganja vyake na ndani ya kope huwa vyekundu kiasi gani? Hupumua vipi alalapo? Mwenye mtoto wa selimundu na aombe kliniki imfundishe kuipapasa bandama. Katika nchi zetu hata malaria huivimbisha, kwa hiyo ni lazima kuujua ukubwa wake wa siku zote. Akimwona mtoto amepauka ghafula, amelegea, au ana homa yo yote, asingoje kesho.

Pili, aseme yote, tena kwa utaratibu. Aeleze ugonjwa ulianza lini, mtoto amekula nini, amekojoa mara ngapi, amepewa dawa gani. Ikiwa alipewa dawa ya miti shamba, aseme bila haya, maana daktari asiyejua aweza kuongeza dawa isiyopatana nayo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kadi ya kliniki isibaki nyumbani. Kwa mtoto wa selimundu neno la kwanza mlangoni liwe hili: “Mtoto huyu ana selimundu, na homa ilianza jana jioni.” Sentensi hiyo moja yaweza kumtoa katika foleni na kumfikisha kwa daktari kwa wakati.

Tatu, aulize. Ugonjwa huu ni upi? Dawa hii ni ya nini, nimpe kiasi gani, kwa siku ngapi? Nikiona dalili gani nirudi upesi? Mwenye mtoto wa selimundu na aulize juu ya penisilini, ambayo watoto hawa hupewa kila siku tangu uchanga hadi umri wa miaka 5 ili kuwakinga na maambukizo. Aulize pia juu ya haidroksiyurea. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, hata vifo. Daktari mwema hachukizwi na maswali haya.

Nne, asiondoke na shaka. Akiona hakusikilizwa, na arudie maneno yake kwa upole: “Daktari, mimi ndiye nikaaye naye, leo hayuko kama siku zote.” Ikibidi, aombe kumwona mganga mfawidhi. Akikwama kwa ajili ya fedha, aombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii kabla hajambeba mtoto kurudi nyumbani. Matusi na makelele hayamsaidii mgonjwa, lakini upole si kunyamaza.

Twamalizia na neno kwa akina baba. Mara nyingi mama huachwa peke yake katika benchi la hospitali, kisha huulizwa nyumbani kwa nini hakusema hili au lile. Baba na aende naye. Aliyechoka kwa kukesha husahau, na masikio mawili zaidi husikia alilolipitiwa mwenzake. Asipoweza kwenda, wakae pamoja jioni, waandike katika karatasi mambo matatu ya kumwambia daktari. Ni kazi ya dakika kumi, na mtoto asiyeweza kusema atakuwa amesemewa.