SOMO KWA VYAMA: KUONDOA RANGI KUUKUU KATIKA SAMANI ZA MBAO

Katika ofisi na maghala ya vyama vingi hukutwa meza, mabenchi na makabati yaliyopakwa rangi juu ya rangi, kila kamati ikiongeza mkono wake. Chini ya rangi hiyo aghalabu pana mninga, mvule au mkongo, mbao ambazo leo ni ghali na ni za shida kupatikana. Kuzitupa samani hizo ni kutupa mali ya wanachama. Lakini kuiondoa rangi bila maarifa kwaweza kuharibu ubao na, lililo baya zaidi, kudhuru afya ya fundi na ya watoto wanaocheza jirani naye.

1. Kuamua kwanza

Si kila rangi kuukuu inapaswa kuondolewa. Ikiwa bado imeshika barabara, na chombo kitapakwa rangi tena, yatosha kuisugua kidogo kwa msasa wa maji, kuiosha na kupaka mkono mpya. Iondolewe ile iliyobambuka au kupasuka, ile iliyo nene hata droo hazifungi, au pale ubao wenyewe unapotakiwa uonekane chini ya vanishi. Samani ya kale yenye nakshi isiguswe kabla ya kumwuliza mjuzi, maana rangi yake ya asili yaweza kuwa sehemu ya thamani yake.

2. Hatari ya risasi

Zamani rangi nyingi za mafuta zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Hatari yake ilijulikana mapema. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, na mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi. Katika nchi nyingi katazo lilichelewa sana.

Risasi haionekani kwa macho. Kipimo cha hakika ni cha maabara. Kwa hiyo, pasipo kipimo, rangi yoyote kuukuu haina budi kuhesabiwa kuwa na risasi. Vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi, au humezwa kutoka mikononi. Kwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa sababu hiyo kazi ifanyike nje, juu ya turubai la plastiki, mbali na watoto, wajawazito na vyakula. Fundi avae glavu, miwani na barakoa yenye chujio la vumbi laini. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Asile wala asivute sigara kabla ya kunawa. Ni mwiko kuunguza rangi kwa moto, kwani risasi hugeuka mvuke. Na ni mwiko kuisugua ikiwa kavu kwa mashine.

3. Hatua za kazi

(a) Bawaba, vitasa na vishikio vifunguliwe na kuwekwa pamoja na skrubu zake.

(b) Dawa ya kuondolea rangi ijaribiwe kwanza mahali pa kificho. Dawa yenye metilini kloraidi iepukwe: mvuke wake umeua mafundi waliofanya kazi vyumbani, na mwaka 2019 Marekani ilizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hii.

(c) Dawa ipakwe nene kwa brashi kuukuu, bila kurudiarudia, kisha iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mpaka rangi ivimbe na kujikunja. Mwenye haraka hujiongezea kazi.

(d) Rangi iliyolainika ikwanguliwe kwa bapa butu lenye pembe za mviringo, kufuata nyuzi za mti. Penye nakshi kitumike kijiti cha mwanzi na brashi ngumu. Ikibaki, dawa ipakwe tena. Nguvu zisitumike badala ya dawa.

(e) Mabaki ya dawa yafutwe kama kopo linavyoelekeza, na ubao uachwe ukauke kabisa. Mwisho usuguliwe kwa msasa wa maji namba 120, kisha 180, uso ukiwa na unyevu kidogo.

Wako mafundi wanaotumia kostiki soda kwa kuwa ni rahisi. Hiyo huunguza ngozi na macho, huachanisha gundi ya viungo, na huweza kuutia weusi ubao. Kwa samani nzuri haifai.

4. Taka na usafi

Maganda ya rangi yafungwe katika mfuko. Yasichomwe, wala yasitupwe shambani au karibu na kisima. Halmashauri iulizwe mahali pa kuyapeleka. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe ikiwa kavu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

5. Wajibu wa kamati

Kamati inapopatana bei na fundi, gharama ya barakoa, glavu na dawa iliyo salama iingizwe katika mapatano. Vikiachwa ili bei ishuke, hasara haikuondoka. Imehamishiwa katika mwili wa fundi na nyumba yake. Samani ikikamilika, thamani yake mpya iandikwe katika daftari la mali.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni samani zipi za chama zinazostahili kuondolewa rangi, na zipi zinatosha kupakwa tu?
2. Kwa nini rangi kuukuu isiunguzwe kwa moto?
3. Katika kazi iliyopita, nani aligharimia vifaa vya kumkinga fundi?