Sindano ya Mgongo na Presha Inayoshuka

Hapa Jomvu Kuu, kila tukigusia kujifungua kwa upasuaji, swali ni moja: nikipelekwa Makadara au Port Reitz, ile sindano ya mgongo si itaniacha kiwete?

Hofu hiyo tunaielewa. Lakini miguu kufa ganzi ni kwa saa chache tu. Jambo la kuangaliwa hasa ni presha. Dawa ikishaingia, inanyamazisha pia neva zinazobana mishipa ya damu. Mishipa inalegea, damu inatuama miguuni, presha inashuka kwa dakika chache. Na mama akilala chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hapo mama huona kisunzi, moyo humchafuka, pumzi humpaa. Mtoto naye, anayetegemea damu ya mama, hupungukiwa hewa.

Hali hii ni ya kawaida, na watu wa nusukaputi huizuia mapema. Huweka dripu, hupima presha kila mara, na huweka mto chini ya nyonga ya kulia ili mama aelemee kushoto. (Mto huo usiuondoe ukidhani umesahauliwa!) Tena kuna dawa za kubana mishipa. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo: namba ya juu ya presha ilindwe isipungue asilimia 90 ya ile mama aliyokuwa nayo kabla ya ganzi. Dawa waliyoipendelea ni fenilefrini; efedrini pia hutumika.

Sasa fungu letu. Mwanamke wa kwetu hufunzwa tangu kigori kuvumilia na kunyamaza. Pale mezani usinyamaze. Ukihisi kisunzi au kutapika, sema papo hapo, kwani yaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba presha inashuka. Na kabla ya kuingia, toa kitabu cha kliniki waone presha yako ya siku zote. Waambie kama umetoka damu, umeharisha, una ugonjwa wa moyo, au umekunywa dawa yoyote, hata ya miti shamba. Usione haya. Mwili uliopungukiwa damu au maji, presha yake huanguka vibaya zaidi.

Mzungumze kikundini: uchungu ukianza usiku wa manane, nani nyumbani kwenu anajua kitabu cha kliniki kilipo? Baba anajua? Mama mkwe je?