Kompyuta Iliyotumika na Viendeshi Vyake: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Wamiliki na wauzaji wengi wa kompyuta za zamani sasa huzihamishia kwenye mifumo huria, kama vile Ubuntu na Debian. Mifumo hii ni halali, wala mlaji halazimiki kununua leseni. Hata hivyo, kompyuta inaweza kuwaka vizuri dukani, kisha nyumbani ikashindwa kupata waifai, kutoa sauti au kuitambua printa. Mara nyingi kinachokosekana ni kiendeshi.

Kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva, ni programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya mfumo endeshi na kifaa. Katika mifumo ya Linux viendeshi vingi vimo ndani ya kiini cha mfumo, hivyo havihitaji kutafutwa. Tatizo huja pale kifaa, hasa kadi ya waifai, kinapohitaji faili za ziada zisizo huria. Debian ilianza kujumuisha nyingi za faili hizo katika toleo la 12 la mwaka 2023, ingawa si zote. Kiendeshi kilichotengenezwa kwa ajili ya Windows hakitasaidia hapa.

Kwa mkazi wa Songea, kasoro hii ni ghali. Mashine iliyonunuliwa Kariakoo imesafiri zaidi ya kilomita 900. Gharama ya kuirudisha inaweza kumaliza nafuu yote ya bei. Kwa hiyo tunamshauri mlaji, au ndugu anayemnunulia, afanye yafuatayo kabla ya kulipa:

1. Aombe mfumo uwashwe kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Kisha ajaribu waifai, sauti, kamera na printa.

2. Aombe muuzaji aandike amri lspci -k. Amri hiyo huorodhesha vifaa vingi vya ndani pamoja na kiendeshi kinachotumika. Kadi ya mtandao isiyoonyesha kiendeshi ni dalili ya tatizo.

3. Adai risiti, na maelezo ya maandishi kuhusu aina ya kompyuta, vilivyojaribiwa na muda wa dhamana.

Ikiwa kompyuta tayari iko nyumbani na waifai haifanyi kazi, unganisha simu kwa waya wa USB na uruhusu igawe intaneti. Kwa kawaida mfumo huiona simu kama mtandao wa waya. Sasisha mfumo, kisha fungua sehemu ya viendeshi vya ziada. Kiendeshi kikishawekwa na bado kikakataa, mwombe fundi akague ulinzi uitwao Secure Boot, kwa kuwa huzuia viendeshi visivyo na saini inayotambulika.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji aliyesema wazi kuwa waifai ni mbovu, akapunguza bei, hajampotosha mtu. Lakini aliyeahidi kuwa kila kitu kinafanya kazi anapaswa kuwajibika kwa kauli yake. Anza kwa kumwendea yeye ukiwa na risiti na maandishi yako. Akikataa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.