Mahindi ya Kukaanga kwa Samli: Kazi Huanza Guniani

Mwezi huu tutaacha kidogo habari za mbolea na za kuogesha ng'ombe, tuingie jikoni. Wakulima wa skimu za upande wa Mweiga na Naro Moru, wanaposhuka Karatina siku za soko na kupitia ofisini kwetu, huuliza swali moja mara kwa mara: mbona mahindi ya kukaanga tunayojipikia siku hizi hayafanani na yale tuliyopewa na nyanya zetu? Yale yalikuwa ya rangi ya dhahabu, yakilia mdomoni, yakinukia samli hata ukiwa bado mlangoni. Ya siku hizi mengine ni magumu kama kokoto. Mengine yameungua nje na ndani yana unga mbichi. Tena wapo wanaosema yalitoka vizuri jikoni, lakini kesho yake yalikuwa teketeke kama yaliyonyeshewa.

Swali hilo ni jema, na jibu lake ni refu kuliko mnavyodhani. Someni somo hili pamoja, yule anayeshika ufunguo wa ghala na yule anayeshika mwiko, maana kazi kubwa haiko juu ya moto.

PUNJE YENYEWE

Kateni punje ya mhindi katikati kwa kisu mtazame. Mtaona ngozi nyembamba, kiini cha kuotea, na wanga. Wanga wenyewe ni wa namna mbili: mmoja mgumu unaong'aa kama kioo, na mwingine mweupe laini kama chaki. Mahindi yenye kibonyo kichwani yana wanga laini mwingi, na hayo ndiyo tunayopanda wengi wetu tangu mahindi chotara yalipoingia. Mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, Hybrid 611, yalitolewa Kitale mwaka 1964, na jamaa zake wamejaa nyanda za juu mpaka leo. Wazee walikuwa na githigu, mahindi ya punje ngumu za rangi rangi, na baadhi yenu mngali nayo pembeni mwa shamba. Punje ngumu huchukua muda mrefu kuiva lakini hubaki na mlio mzuri. Punje ya kibonyo huiva upesi na huwa nyororo zaidi. Zote mbili zafaa, ila msizichanganye katika karai moja, kwa kuwa nusu itaungua kabla ya nusu nyingine kuwa tayari.

Wengine hudhani mahindi ya kawaida yakipata moto mkali yatapasuka yawe bisi. Hayatakuwa. Mahindi ya bisi ni aina ya peke yake, yenye ngozi ngumu isiyopenyeza mvuke. Maji yaliyomo ndani ya punje hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia, na moto unapofika kama nyuzi 180 za Selsiasi punje hupasuka kwa kishindo. Ngozi ya mahindi yetu ya ugali huvuja, kwa hiyo hupasuka kidogo tu. Mkipenda kupanda ya bisi, yatengeni na mahindi mengine kwa mita 200 au zaidi, ama yapandeni kwa wakati mwingine, maana chavua ya mahindi ya kawaida ikiyafikia, punje za msimu huo huo hazitapasuka vizuri.

GUNIANI

Sasa tumefika mahali pa kukaza macho. Watu wengi wana desturi ya kusema: "Haya mahindi yameanza kunuka ghala, hayafai ugali, basi tuwakaangie watoto." Desturi hiyo ni mbaya mno, na ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Mahindi yenye kuvu yaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haina ladha wala rangi, na moto wa jikoni hauiondoi. Uvundo utaondoka, harufu ya samli itaufunika, lakini sumu itabaki mle mle. Mwaka 2004 watu wa upande wa Makueni na Kitui na majirani zao waliugua kwa sumu hii. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na katika hao 125 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu. Sumu hii huharibu ini. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila mtu kuugua ghafula, yaweza kuleta saratani ya ini.

Huku kwetu, penye baridi na ukungu wa Mlima Kenya, mahindi hukauka polepole, na mkulima huchoka kungoja. Kiasi kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mashine ya kupima iko kwa wanunuzi wakubwa, lakini nyumbani chupa na chumvi zatosha. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Anikeni chumvi juani kwanza ikauke. Tieni mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya chumvi, fungeni, tikiseni kwa dakika mbili au tatu, kisha acheni itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisheni juani juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yamekauka.

Halafu chagueni kwa mkono, juu ya ungo, mchana. Ondoeni kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyotobolewa na fukusi, yenye weusi, ukijani au uwaridi. Sumu hupenda kukusanyika katika punje za namna hiyo, kwa hiyo kuchagua husaidia sana, ijapokuwa hakuondoi hatari yote. Gunia lililovunda zima zima halichaguliwi. Hilo ni la kuzikwa. Wala msimpe ng'ombe, kwa kuwa sehemu ya sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo mtakayotolea samli.

Pia kuna mbegu zilizobaki baada ya kupanda. Mbegu za dukani hupakwa dawa na kutiwa rangi, nyekundu au kijani au buluu, ili mtu azijue. Msizikaange, hata mkiziosha mara saba. Mtoto aliyezoea githigu aweza kudhani rangi hiyo ni ya kawaida, basi mfundisheni: rangi ya githigu imo ndani ya punje, bali rangi ya dawa imepakwa juu kama vumbi, na mara nyingi huacha alama kwenye kidole chenye maji. Akiwa na shaka asile. Na mahindi ya chakula yaliyohifadhiwa kwa dawa ya ghala yangoje siku zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha yapepetwe na kuoshwa kwa maji mawili.

KULOWEKA NA KUKAANGA

Hapa ndipo ilipo siri ya nyanya zetu wengi, nayo ni maji. Punje kavu ikitupwa kwenye karai la moto, ngozi huungua kabla moto haujafika katikati. Lakini punje iliyolala majini huivia mvuke wake mwenyewe, kisha mvuke ukitoka huacha vijitundu vidogo vidogo ndani, na ndiyo sababu hutafunika bila kuvunja meno.

Kwa nyumba ya watu watano au sita chukueni vikombe viwili vya mahindi yaliyochaguliwa. Osheni, loweka katika vikombe vinne vya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, usiku kucha. Chumvi ikipenya namna hii hukolea ndani, si kama ile inayonyunyizwa juu ikaanguka yote chini ya bakuli. Asubuhi chujeni, tandazeni kwenye kitambaa safi kwa nusu saa au zaidi, mpaka ngozi zikauke. Msiache ndani ya maji siku mbili, yatachacha.

Karai zito ni bora kuliko sufuria nyepesi. Liwe na moto wa wastani. Makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri yafaa kuliko kuni zenye mwali. Tieni mahindi kiasi cha kufunika chini ya karai kwa tabaka moja tu, bila mafuta yoyote, mkoroge bila kuacha. Kwanza yatatoa mvuke, kisha yataanza kulia na kuruka, na baada ya dakika 20 mpaka 30 yatakuwa na rangi ya dhahabu na baadhi kupasuka ngozi. Msihukumu kwa macho peke yake. Toeni punje tatu, acheni zipoe, mtafune. Punje ya moto huwa laini daima, na wengi huongeza moto kwa kudhani haijaiva, wakaishia na makaa. Ikilia kwa meno na katikati hakuna unga mbichi, epueni karai.

SIAGI AU SAMLI?

Swali la teketeke linajibiwa hapa. Siagi ina maji ndani yake, kama sehemu 16 katika kila 100. Ukiimwaga juu ya mahindi makavu, mahindi hunywa maji hayo. Tena siagi ina chembe za maziwa zinazoungua upesi, kwa hiyo ukikaanga kwa siagi tangu mwanzo utapata weusi na uchungu. Samli haina matatizo hayo, kwa sababu maji yamekwisha kufukuzwa na chembe zimechujwa.

Siagi ya nyumbani haina ugumu. Tegeni maziwa katika bakuli pana lililofunikwa, mahali pa baridi, usiku mzima, muengue krimu ya juu. Ikitosha, itieni kwenye kibuyu au chupa pana mpaka nusu, mtikise. Krimu ikiwa ya baridi ya asubuhi, chembe za siagi zitaonekana baada ya robo saa au nusu saa. Mwageni maziwa yanayobaki katika chombo kingine, na siagi muioshe kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke meupe kabisa. Maziwa yale yaliyobaki tieni katika uji unaochemka. Msiyanywe mabichi, kwa ajili ya vijidudu vya brusela na vinginevyo. Kwa sababu hiyo hiyo siagi ya krimu mbichi isipakwe mkate.

Ng'ombe wa Friesian hutoa maziwa mengi yenye mafuta machache, na kilo moja ya siagi yaweza kuhitaji lita 25 hivi. Wa Jersey hutoa machache yenye mafuta mengi, na lita 18 hivi zatosha. Kwa maoni yangu, maziwa yenye mnunuzi yauzwe. Siagi tengenezeni kwa maziwa ya jioni yasiyo na pa kwenda, au siku ile matope yamezuia gari la maziwa nanyi mnatazama mitungi imejaa.

Kupata samli, wekeni siagi kwenye sufuria safi juu ya moto mdogo. Itayeyuka, kisha italia na kutoa povu. Mlio huo ni maji yanayotoka. Msiondoke hapo. Siagi ikinyamaza, na chembe chini zikawa za rangi ya kahawia hafifu na harufu ikawa kama ya njugu, epueni mara moja mchuje kwa kitambaa. Mimina vijiko viwili vya mezani juu ya mahindi yangali moto, geuzageuzeni ndani ya karai lililokwisha kuondolewa motoni, basi. Mwenye kupenda aongeze chembe za sukari. Mimi sipendi, lakini watoto watawaambia vingine.

KUGAWA NA KUWEKA

Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe punje nzima, maana ni ngumu nazo huweza kuziba njia ya pumzi. Kwao, na kwa wazee waliopoteza meno, twangeni mahindi yaliyokaangwa kabla hayajatiwa samli, mchekeche, mpike uji wa unga huo, samli kijiko kimoja juu. Uji huo una harufu ambayo unga wa posho mill hauwezi kuipata.

Yaliyobaki yapoe kabisa kabla ya kufunikwa. Yakifunikwa yangali na joto, mvuke utarudi ndani na kazi yote itaharibika. Katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana yatakaa wiki moja na mlio wake. Ya kuweka zaidi ya hapo, yawekeni bila samli, muipake siku ya kula.

Kazi ya nyumbani kwa vikundi vinavyosoma masomo haya: kila mtu apime gunia moja kwa chupa na chumvi, mahindi yakichotwa juu, katikati na chini ya gunia, kila mahali kwa chupa yake, aandike kwenye karatasi tarehe ya kuvuna, siku alizoanika, na namna chumvi ilivyokaa. Leteni karatasi hizo kwa Bwana Shamba wenu kabla mvua haijaanza. Gunia litakaloshika chumvi lirudi juani siku hiyo hiyo, msingoje karatasi ijibiwe.