SOMO LA MAFUNDI: MACHO YANAYOUMA USIKU



Huenda jambo hili umeliona kwa jirani, au limekupata wewe mwenyewe. Kijana mmoja anashinda katika karakana huko Dadamu akimsaidia fundi kutengeneza milango. Yeye hachomelei, kazi yake ni kushika chuma kisisogee. Jioni anarudi kwenye chumba anachokaa na shangazi yake, anakula, anazungumza na wenzake, analala. Saa tano usiku anaamka akilia. Anahisi kama mtu amemwagia mchanga wa moto ndani ya macho. Machozi yanatiririka, macho hayafunguki, hata mwanga wa tochi unamchoma. Shangazi anafikiri ni uchawi. Jirani anasema ni ugonjwa wa macho mekundu, aoshwe kwa maji ya sukari.

Si uchawi, na maji ya sukari hayatamsaidia. Kijana ameungua macho kwa mwanga wa kuchomelea. Ameungua mchana, ila maumivu yamekuja usiku.

Tunaanza na macho kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ukishika chuma cha moto, mkono unakuambia mara moja. Jicho halisemi. Wakati wa kuchomelea, kati ya rodi na chuma (mafundi waliotoka Kongo huiita rodi bageti) kunawaka mwako wa umeme wenye joto linaloyeyusha chuma, yaani zaidi ya nyuzi 1,500. Mwako huo hutoa mwanga unaouona, na pia miali mingine ambayo huioni kabisa. Ni miali ya namna ile ile iliyo katika jua, lakini hapa iko karibu na ni mikali. Hiyo ndiyo inayounguza kioo cha mbele cha jicho, kama jua linavyobabua ngozi. Maumivu huanza baada ya saa chache, mara nyingi kati ya saa tatu na saa kumi na mbili. Kwa hiyo usiseme, "Nimechomelea kutwa nzima bila kinyago na sijasikia kitu." Subiri usiku.

Fundi mwenyewe mara nyingi ana kinyago. Wanaoumia ni wengine: msaidizi anayeshika chuma, mteja anayesubiri mlango wake, mama anayeuza chapati jirani, na watoto. Watoto hupenda sana kuutazama mwanga ule. Wafukuze bila kuona haya, hata kama ni watoto wa mwenye nyumba. Tena miali hiyo hurudishwa na ukuta mweupe na mabati mapya, hivyo hata aliyekupa mgongo anaweza kupata. Weka kizuizi kati ya kazi yako na watu: bati kuukuu lililoshika kutu, au turubai nzito ambayo haishiki moto upesi. Na kabla ya kugusisha rodi, piga kelele: "Macho!" Msaidizi afunge macho na kugeuza uso. Hiyo ni hatua ya dharura tu. Anayeshika chuma siku nzima anahitaji kinyago chake mwenyewe.

KIOO KIPI?

Kioo cheusi cha kinyago kina namba iliyochapwa pembeni. Kwa kazi za kawaida za rodi, kama milango, madirisha na vitanda vya shule, tumia namba 10 au 11. Kioo kisicho na namba usikiamini, hata muuzaji akiapa. Mbele ya kioo cheusi weka kioo cheupe cha kawaida, ili cheche ziharibu hicho cha bei rahisi. Kikipasuka kioo cheusi, usikibandike kwa gundi. Mwanga hupita katika ufa. Kila asubuhi tazama kinyago kwa ndani ukikielekeza kwenye mwanga wa mchana. Ukiona tundu hata dogo, kizibe au kibadilishe.

Miwani ya jua haifai. Haifuniki pembeni, na inapunguza ukali wa mwanga kiasi cha kukufanya uendelee kutazama. Mafundi wengine hutumia kioo kilichopakwa masizi, au filamu ya eksirei kutoka hospitali. Hayo pia hayafai. Wapo na wanaojivunia kufumba macho tu wakati wa kugusisha rodi. Tunawaheshimu kwa ufundi wao, lakini jicho hufumba baada ya mwanga kuingia, si kabla.

Jambo moja linasahauliwa: ukimaliza mshono na kuinua kinyago ili kugonga ganda lililogandia juu yake, vipande vya moto huruka. Hapo unahitaji miwani myeupe ya kazi. Ni vivyo hivyo unapotumia mashine ya kukatia na kusugulia chuma.

MACHO YAKISHAUNGUA

Usiyasugue. Kaa mahali penye giza, funga macho, weka juu yake kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, na umeze paracetamol. Usitie maziwa ya mama, maji ya sukari, majani, wala kipande cha kiazi. Jicho lililoungua ni kidonda, na vitu hivyo huleta vijidudu. Asubuhi nenda kituo cha afya na useme waziwazi kwamba ulikuwa kwenye kuchomelea. Huenda ukapewa dawa ya kupaka ya kuzuia vijidudu. Mhudumu akikutia tone la ganzi ili akupime, usimwombe chupa uende nayo nyumbani. Ganzi huondoa maumivu kwa muda lakini ikitumiwa mara kwa mara huzuia jicho kupona na inaweza kuliharibu kabisa.

Kwa kawaida maumivu huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini kama jicho moja tu ndilo linalouma, huenda kuna kipande cha chuma ndani. Usijaribu kukitoa kwa kijiti au ncha ya kitambaa. Omba rufaa, hata ikibidi kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Arua. Ufanye hivyo pia kama baada ya siku mbili bado unaona ukungu.

HOMA ISIYO MALARIA

Jambo la pili linalokuja usiku ni homa. Hapa West Nile, mtu akitetemeka tunasema malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini fundi aliyeshinda akichomelea mabomba ya maji au mabati yenye rangi ya fedha anaweza kutetemeka usiku bila kuwa na malaria. Mabomba hayo yamepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hupata baada ya saa kadhaa homa, baridi, kiu, maumivu ya mwili na ladha ya chuma mdomoni. Homa hiyo hupoa yenyewe kwa siku moja au mbili. Katika viwanda vya zamani Ulaya iliitwa homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili uliopumzika mwisho wa wiki huugua zaidi unaporudi kazini.

Usijipime mwenyewe kwa kubahatisha. Nenda upimwe damu, maana unaweza kuwa na malaria kweli. Lakini mweleze mhudumu ulichochomelea jana. Ukikohoa sana au kifua kikibana, usingoje kesho.

Mafundi wengi hunywa maziwa ili "kuondoa sumu". Maziwa ni chakula kizuri, kunywa ukipata. Lakini yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni kufanya kazi nje, kusimama ili upepo upite kutoka ubavuni mwako, na kutoweka kichwa juu ya moshi. Sugua zinki kwanza pande zote mbili za mahali pa kuchomelea, ukiwa umefunga pua na mdomo. Na moshi wa rodi za kawaida pia si mchezo: mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuhusu moto tutasema kwa kifupi, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua nyumba ya nyasi inavyowaka kuanzia mwezi wa Desemba. Cheche inaweza kuruka mita 10. Ondoa nyasi, vitambaa, maranda na jerikeni za mafuta, weka karibu ndoo ya maji na ya mchanga, na ukimaliza kazi kaa hapo angalau nusu saa. Cheche iliyoingia katika nyasi za paa hujificha kwanza. Ukiungua ngozi, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya kupikia.

UMEME HAUNGOJI USIKU

West Nile ilikaa miaka mingi bila kuunganishwa na gridi ya taifa, na mafundi walizoea jenereta. Walizoea pia mashine za kuchomelea zilizosukwa nyaya hapa hapa, nyingine hazina hata kifuniko. Hatuwadharau waliozitengeneza, zimelisha familia nyingi. Lakini ndani ya mashine hiyo kuna nyaya za umeme wa volti 240 na nyaya zinazokwenda kwenye rodi, na kinachozitenganisha ni vanishi na karatasi. Vikiungua, umeme wote unafika mkononi mwako. Mashine inayonuka kuungua, au inayokutetemesha ukigusa mwili wake, izime na usiiwashe tena mpaka imefungwa upya.

Hata mashine nzima ina volti 50 hadi 80 kwenye rodi. Kwa mtu mkavu mwenye buti na glavu kavu za ngozi ni kidogo. Kwa mtu aliyelowa jasho, aliyevaa ndala, aliyepiga magoti juu ya chuma chenyewe, inaweza kuua. Usichomelee kwenye mvua wala kwenye ardhi yenye maji. Simama au piga magoti juu ya ubao mkavu. Usishike kibano cha rodi kwapani. Badilisha rodi ukiwa na glavu. Jenereta iwe nje kila mara. Sumu iliyo katika moshi wake huua ndani ya chumba bila harufu ya kukuonya.

Mwenzako akinaswa, usimshike. Zima jenereta kwanza, au msukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine akimbie kuita msaada, wewe usiache.

Kuhusu glavu na vinyago, wengine hutuambia: "Mwenye karakana anasema nijinunulie, mimi ni mkimbizi tu." Sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, bila kumtoza mfanyakazi. Haiulizi umetoka wapi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya ajira, inakataza kumpa kazi ya hatari mtoto aliye chini ya miaka 18. Mzazi, mtoto wako wa miaka 14 anayeshika chuma kwa malipo ya chai yuko katika kazi ya hatari.

PIPA TUPU NA TANGI LA BODABODA

Tumeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo linaloua watu wawili watatu kwa mara moja.

Arua ni mji wa mafuta ya jerikeni. Kwa miaka mingi vijana waliojulikana kama Opec Boys waliuza kando ya barabara petroli na dizeli iliyovushwa kutoka Kongo. Kwa hiyo ukinunua pipa kuukuu sokoni ili ulikate utengeneze jiko au karai, fikiri kwamba liliwahi kubeba mafuta, hata kama leo limejaa vumbi. Pipa lililojaa petroli haliripuki kirahisi kama lile lililo "tupu". Petroli kidogo iliyobaki hugeuka hewa, ikachanganyika na hewa ya ndani, na mchanganyiko huo unangoja cheche moja. Dizeli kavu, rangi au mafuta ya kupikia yaliyoganda pembeni hayanuki, lakini moto wa rodi ukiyapasha yanatoa hewa ile ile. Kuosha kwa Omo hakutoshi. Kuliacha wazi juani siku mbili hakutoshi. Kwa pipa, tafuta lililobeba maji tangu mwanzo.

Hata bomba lililozibwa ncha zote mbili, ambalo halikuwahi kubeba kitu, linaweza kupasuka, kwa kuwa hewa ya ndani hupanuka kwa joto. Toboa tundu kwanza.

Kuna mteja mmoja ambaye kila fundi anamjua. Anakuja jioni, ana haraka, tangi la pikipiki linavuja. Anasema amelimwaga lote, amelisuuza mara tatu, na fundi wa kule chini alimchomelea la kwanza bila shida. Yule wa kule chini alibahatika. Mwambie mteja hapana. Amwage mafuta mbali na moto, alikaushe tangi kwa hewa, asugue rangi kwa msasa pale panapovuja, kisha apake gundi ya chuma ya vichupa viwili inayochanganywa kwa mkono. Ailaze mpaka kesho kabla ya kutia mafuta. Akikasirika, mwache aondoke na tangi lake.